Nusu kilo ya kima jioni ya kazi: upike nini?

Kima, au nyama ya kusaga kama wengi wa bara wanavyoiita, inaizidi nyama ya vipande kwa jambo moja: haikuweki jikoni. Nusu kilo ya nyama ya mfupa, ya ng'ombe wa kwetu aliyekomaa kwa kutembea malishoni, inataka saa nzima na zaidi motoni, labda uwe na presha kuka. Nusu kilo ya kima inaiva kwa dakika 15. Mbona basi watu hununua kima saa kumi na mbili jioni na bado wakala saa tatu na nusu? Kwa sababu anayechelewa ni mwenzake: chapati zinazosubiri unga ulale, viazi vya katlesi vinavyosubiri kupoa, kababu zinazoingia kwenye karai nne nne.

Ndiyo maana sivilinganishi vyakula vya kima kwa utamu. Kwa utamu kila mtu ana chake na hakuna atakayemhamisha. Navilinganisha kwa kile ulichopungukiwa jioni hiyo. Kuna siku umepungukiwa muda, siku nyingine unao muda lakini miguu haitaki kusimama, siku nyingine nyama yenyewe ni robo na walaji ni watano. Nimechukulia jiko la gesi la plate mbili, mpishi aliyeingia nyumbani saa moja usiku, na watu wanne au watano. Sambusa sikuziweka kabisa. Atakayeanza kukunja manda siku ya Jumanne usiku ana sababu zake.

| Chakula | Mpaka mezani | Kusimama jikoni | Vyombo | Kiporo |
|---|---|---|---|---|
| Kima ya njegere na viazi | dakika 35, mbali na mwenzake | kidogo | sufuria moja, na ya mwenzake | kitamu kuliko jana |
| Spageti ya kima | dakika 30 | wastani | sufuria na kikaango | hafifu |
| Pilau ya kima | dakika 55 | mwanzoni tu | sufuria moja | kizuri kikiwahi friji |
| Kababu | saa moja | muda wote | vingi, na mafuta ya kumwaga | kizuri ndani ya mkate |
| Kofta za mchuzi | dakika 45 | nusu ya kwanza | bakuli na sufuria | kizuri |
| Katlesi | saa moja na nusu | muda wote | vingi mno | hulainika |
| Mkate wa mayai kwa chapati za jana | dakika 15 | muda wote, lakini mfupi | kikaango kimoja | hakibaki |
| Kabichi na kima | dakika 25 | kidogo | sufuria moja | cha wastani |

Dakika hizo ni za mtu anayekata kitunguu kwa mwendo wa kawaida, wala si wa mashindano.

Nyama yenyewe kwanza

Hukumu zote zinazofuata zinategemea ulichobeba kutoka bucha. Wauza nyama wengi watakusagia kipande ulichokichagua wewe, na ndivyo inavyofaa: onyesha steki yenye mafuta kidogo, isagwe ukiona. Kima iliyokwisha kusagwa na kurundikwa kwenye sinia huwezi kujua imekaa hapo tangu saa ngapi, wala imechanganywa na nini. Kwa kababu na kofta omba ipite mashine mara mbili ili ishikane. Kwa pilau na spageti mara moja inatosha, upate chembe za kutafuna. Walioko Uingereza hununua ya pakiti, imeandikwa asilimia ya mafuta, mara nyingi 5, 12 au 20. Ile ya 20 usiitilie mafuta mengine, itajikaanga kwa yake. Steki yetu ya kusaga ni kavu na inataka vijiko viwili vya mafuta.

Kisha maji. Kima ikijazana ndani ya sufuria nyembamba hutoa maji, ikachemkia humo, ikatoka ya kijivu na harufu ya nyama iliyopashwa. Wapishi wa Pwani wana njia yao ya kuimaliza shida hii, ile ya kima ya sambusa: nyama inaingia kwenye karai pana pamoja na tangawizi, thomu, chumvi na ndimu, bila mafuta wala tone la maji, huku mwiko ukiivunjavunja, mpaka maji yake yakauke. Tumia njia hiyo kwa vyakula vyote vya hapa isipokuwa kababu na kofta, ambazo huanza na nyama mbichi, na pilau, ambayo kima yake hukaukia ndani ya vitunguu. Maji yakishakauka usiwe na haraka ya kutia nyanya. Tia mafuta, ongeza dakika tano mpaka chembe zishike rangi ya kahawia na sauti ya kuchemka igeuke kuwa ya kukaangika. Dakika tano hizo zina kazi kuliko pakiti yoyote ya viungo.

Kima ya njegere na spageti

Hawa wawili ndio wanaogombania jioni za kazi katika nyumba nyingi, na ninavyoona wanapimwa vibaya. Watu husema spageti ni haraka. Ni haraka kwa dakika tano tu, na faida hiyo unaipata siku ambayo huna wali, mkate wala unga wa ugali uliopangwa. Kama una mkate wa boflo ndani, kima ya njegere imeshinda hata kabla gesi haijawashwa.

Kima ya njegere haina siri. Kima ikishakauka na kushika rangi, tia kitunguu kilichokatwa kidogo, kilegee, halafu nyanya tatu zilizosagwa au kukwaruzwa, kijiko kidogo cha bizari ya mchuzi, na viazi viwili vilivyokatwa vipande vya ukubwa wa kete ya dadu, si zaidi. Hapo ndipo muda unapochezewa. Kiazi kilichokatwa vipande vinne vikubwa kinaweza kukuweka dakika 25, na ukikikata kidogo kinaiva kwa dakika 12. Njegere za barafu huingia mwishoni kabisa, dakika nne au tano, zibaki kijani. Mbichi za kumenya sokoni ni tamu kuliko hizo, ila zinataka robo saa na zaidi, kwa hiyo zitie pamoja na viazi. Kotmiri na ndimu juu, basi.

Uzuri wa chakula hiki ni kwamba kinakubali mwenzake yeyote, ila kila mmoja ana masharti yake. Ukila na mkate au chapati, kiache kizito, kijiko kikisimama. Na wali, kilegeze kwa nusu kikombe cha maji. Na ugali lazima kiwe na mchuzi wa kuchovya; kima kavu na ugali hugombana kooni, na Wakenya wanalijua hilo, ndiyo maana sukuma wiki yenye majimaji haikosi pembeni. Chapati za kusukuma nyumbani usizihesabu. Zinakula saa moja na zaidi peke yake. Kama pembeni mwa barabara yako kuna mama anayezipika jioni, nunua kwake, wala usione haya.

Spageti ina sifa ambayo kima ya njegere haina: watoto hawabishani nayo. Mtoto anayechambua njegere moja moja na kuzipanga ukingoni mwa sahani atamaliza tambi bila neno. Na haina masharti ya mwenzake, kila kitu kimo. Udhaifu wake uko kwenye namna tunavyoipika. Tunaichemsha kwa dakika 20 mpaka ijivimbie, tunaimwagia mafuta isishikane, halafu mchuzi unateleza juu yake na kujikusanya chini ya sahani. Jaribu hivi: itoe dakika mbili kabla ya muda ulioandikwa kwenye pakiti, usiitie mafuta kabisa, uchote kikombe kimoja cha maji yake kabla ya kumwaga mengine, uimalizie ndani ya kikaango chenye kima ya nyanya pamoja na maji hayo. Wanga uliomo kwenye maji ndio unaoushika mchuzi kwenye tambi.

Kuhusu mchuzi wenyewe, usijisumbue kuutafuta ule wa Bologna. Mwaka 1982 taasisi ya mapishi ya Italia, Accademia Italiana della Cucina, iliandikisha mapishi ya mchuzi huo katika chemba ya biashara ya mji huo. Una nyama ya nguruwe ndani yake, unachemka masaa, na kwao huliwa na tambi pana, si spageti. Wa kuigwa wako karibu zaidi. Wasomali walizoea tambi tangu enzi za ukoloni wa Italia, na baasto yao wanaila na mchuzi wa nyama wenye bizari nzima, iliki na pilipili manga, ndizi mbivu ikiwa pembeni. Ingia mkahawa wa Kisomali wa Eastleigh, Nairobi, utaikuta. Ukitia viungo vya pilau kidogo kwenye kima yako ya spageti utakuwa umekwenda njia hiyo, na hutarudi kwenye ile ya nyanya ya kopo peke yake.

Kiporo ndicho kinachoamua kati ya hawa wawili kama una watu wa kubeba chakula kesho. Kima ya njegere ikilala kwenye friji huamka ikiwa imekolea. Spageti hunywa mchuzi wote usiku, asubuhi imekuwa donge. Mimi nikijua kesho kuna kubeba, sipiki spageti.

Pilau ya kima, ambayo haijapewa haki yake

Pilau tumeifunga kwenye sikukuu na misiba kwa sababu ya nyama yake. Nyama ya mfupa lazima ichemshwe kwanza, supu itolewe, ndipo mchele uingie. Ukiweka kima, kazi yote hiyo inaondoka, na kinachobaki ni chakula cha sufuria moja ambacho nusu ya muda wake kinajipika chenyewe wewe ukiwa umekaa. Kwa mtu aliyechoka miguu, dakika 55 za pilau ni nyepesi kuliko dakika 30 za spageti.

Kinachokosekana ni supu, na tusidanganyane, pilau bila supu ina pengo. Pengo hilo linazibwa na vitunguu. Chukua viwili vikubwa, si kimoja, uvikaange peke yake kwa dakika kumi hadi 12 mpaka viwe kahawia iliyokolea, karibu na kuungua lakini bado. Rangi ya pilau inatoka hapo. Anayetia manjano ili kupata rangi amepika wali wa manjano, chakula kizuri, ila si pilau. Kisha thomu na tangawizi, bizari nzima vijiko viwili vidogo, kijiti cha mdalasini, karafuu tano, iliki nne, pilipili manga. Kima inafuata, ikauke ndani ya vitunguu hivyo mpaka ishike rangi. Viazi vilivyokatwa katikati ukitaka. Vikombe viwili vya mchele uliooshwa na kuloweshwa huku ukikaanga, vikombe vitatu vya maji ya moto, chumvi. Maji yakikaribia kukauka funika, punguza moto mpaka mwisho, uende zako kwa dakika 15. Kama unatumia jiko la mkaa, palia makaa juu ya mfuniko kama kawaida.

Mchele una lake la kusema. Basmati ya pakiti hutaka maji kidogo na haivunjiki, inafaa kwa mtu asiyetaka kuchungulia. Mchele wa Kyela au pishori ya Mwea una harufu inayoifanya kima ionekane ghali kuliko ilivyo, ila mchele mpya hulegea haraka, kwa hiyo punguza maji robo kikombe. Pembeni ni kachumbari tu, na ndimu. Hapo ndipo unapookoa muda mwingine, maana hakuna mboga ya kupika.

Tahadhari moja, na siisemi kwa kutisha. Tuna desturi ya kuacha pilau jikoni usiku kucha ndani ya sufuria iliyofunikwa, iwe chai ya asubuhi. Wali uliopikwa hubeba vijidudu ambavyo moto hauviui vyote, na vikikaa kwenye joto la kawaida hutoa sumu isiyoondoka hata ukipasha. Ndani ya saa mbili kiporo kiwe kwenye friji, kimetandazwa kwenye chombo kipana ili kipoe upesi.

Kababu, kofta, katlesi

Watatu hawa wana undugu, wote ni kima iliyoumbwa kwa mkono, lakini kwa mtu wa jioni ya kazi wako mbalimbali kabisa.

Katlesi nasema wazi: iache Jumamosi, au Ramadhani ambapo nyumba nzima iko jikoni alasiri. Viazi vichemshwe, vipondwe vikiwa moto, vipoe ili vishikike; kima ipikwe kando ikauke kabisa, maana ikiwa na unyevu katlesi hupasuka kwenye mafuta; kisha kuumba, kuchovya kwenye yai, kukaanga. Kila hatua ni rahisi na jumla yake ni saa moja na nusu. Mwenye oveni anaweza kupata ladha ileile kwa kazi nusu: tandaza kima ya njegere chini ya treyi, funika kwa viazi vilivyopondwa kwa maziwa na siagi, paka yai juu, oka dakika 25. Asiye na oveni asihangaike kuigiza hili kwenye sufuria.

Kababu ni kitamu kiasi kwamba watu husamehe usumbufu wake. Nusu kilo ya kima iliyosagwa mara mbili, slesi mbili za mkate zilizoloweshwa na kukamuliwa, yai moja, kitunguu kilichokatwakatwa na kukamuliwa maji, kotmiri, tangawizi, thomu, pilipili mbichi, chumvi. Kanda kwa mkono kwa dakika tatu mpaka mchanganyiko unate. Kababu nyingi zinazovunjika karaini hazikukandwa, au kitunguu chake hakikukamuliwa. Utapata 12 hadi 14. Ziingie chache chache kwenye mafuta yenye moto wa wastani, maana moto mkali huziunguza nje na kuziacha mbichi ndani.

Na ubichi wa kima si sawa na ubichi wa steki. Kwenye kipande kizima vijidudu vinakaa juu, moto wa sufuria unavimaliza. Mashine ya kusaga huvichukua vya juu ikavitia katikati. Kwa hiyo kababu iliyo na wekundu ndani haijaiva, hata kama mgahawa fulani wa Ulaya unauza nyama namna hiyo. Mwenye kipimajoto cha jikoni atafute nyuzi 71 za Selsiasi katikati. Asiye nacho apasue moja na aangalie.

Udhaifu wa kababu ni kusimama. Dakika 20 za kukaanga huwezi kuondoka, na ukimaliza umebaki na karai la mafuta. Zinakuwa chakula cha siku ya kazi kwa njia moja tu: uziumbe siku ya mapumziko, uzigandishe mbichi zikiwa zimepangwa bila kugusana kwenye sinia, kisha uzikusanye mfukoni. Jumatano unatoa kababu sita asubuhi zikayeyuke kwenye friji, jioni unakaanga.

Kofta za mchuzi ndizo ninazozipa kura kati ya hawa watatu. Mchanganyiko ni uleule wa kababu, madonge madogo yasiyozidi limau changa, lakini badala ya mafuta yanadondoshwa mabichi ndani ya mchuzi wa nyanya unaochemka taratibu. Usiyakoroge kwa dakika tano za kwanza. Tingisha sufuria tu mpaka yakaze. Dakika 15 jumla yameiva, na maji ya nyama yote yamebaki kwenye mchuzi badala ya kupotelea kwenye mafuta. Dakika tano za mwisho tia tui zito la nazi ukipenda, moto uwe mdogo lisikatike. Ukipika wali kwenye plate ya pili vyote vinafika pamoja. Ukilinganisha na kima ya njegere, kofta zinakula dakika kumi zaidi na zinaonekana chakula cha mgeni, jambo ambalo lina thamani yake mgeni akipiga simu saa kumi na moja na nusu kwamba yuko njiani.

Kama una chapati za jana

Ukipita Forodhani, Zanzibar, jioni, utawaona wanaotandaza unga mwembamba juu ya bamba la moto, wakatia kima, kitunguu na yai, wakakunja. Mombasa wana mkate wa mayai wa aina hiyohiyo ya fikra. Unga ule wa kuvuta si wa kuuanza saa moja usiku, lakini chapati ya jana inaweza kuchukua nafasi yake kwa asilimia kubwa. Kwa kila chapati piga yai moja na vijiko vitatu vya kima iliyopikwa, kitunguu kibichi, pilipili hoho na kotmiri. Mimina kwenye kikaango chenye mafuta kidogo, laza chapati juu yake yai likiwa bado bichi ili lishike, geuza, kunja. Waganda wana rolex yao ya chapati na mayai. Hii ni ndugu yake mwenye nyama.

Hakuna cha kima kinachoishinda njia hii kwa kasi, dakika 15 kwa nyumba nzima. Lakini ina sharti: kima iwe imekwisha kupikwa. Hapo ndipo inapolipa kununua kilo nzima Jumapili, kuikausha yote kwa njia ya sambusa, kula nusu na kuweka nusu. Iliyopikwa inakaa friji siku tatu hadi nne. Mbichi usiiache zaidi ya siku mbili; kama mpango haujulikani, igandishe, ikiwa imebanwa bapa ndani ya mfuko, maana bapa huyeyuka kwa muda mfupi na donge linahitaji usiku mzima. Umeme ukikatika usifunguefungue. Friza iliyojaa na kufungwa huhifadhi baridi kwa takriban saa 48, iliyojaa nusu saa 24, na friji ya kawaida saa nne tu.

Nyama ikiwa robo na watu ni watano

Mwisho wa mwezi mizani hubadilika. Spageti na pilau zinaficha uchache wa nyama vizuri kiasi, pilau zaidi. Kababu haifichi chochote. Robo kilo ni kababu sita, na watu watano watazihesabu. Kima ya njegere inaweza kunenepeshwa kwa adesi: kikombe kimoja cha adesi za kahawia, zikichemshwa dakika 20 hadi 25 kwenye plate ya pili huku kima ikikauka, zikichanganywa na robo kilo, zinakupa sufuria ya nusu kilo na mtu mmoja tu kati ya watano ndiye atakayeuliza.

Lakini kwa robo kilo mimi naenda kwenye kabichi. Kausha kima, tia vitunguu viwili, karoti iliyokwaruzwa, nyanya moja tu ili isilegeze, na kabichi nusu iliyokatwa nyembamba sana. Moto mkali, bila kufunika, dakika saba au nane, kabichi ibaki na ugumu kidogo wa kutafuna. Ukifunika inatoa maji na harufu nzito, na kima inazama humo ikapotea. Pilipili manga iwe nyingi kuliko unavyodhani inafaa. Songa ugali kwenye plate ya pili wakati kabichi inakatwa, maana ikishaingia karaini hutapata nafasi ya kuondoka.